Remba Hakuna Gari, Lakini Alteneta Ipo

Kisiwa cha Remba hakina barabara, na kwa hivyo hakina gari. Ni jiwe dogo ndani ya Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay, ukishapita visiwa vya Rusinga na Mfangano. Na juu ya jiwe hilo nyumba za mabati zimebanana hata jua la adhuhuri hupata taabu kufika chini. Wakazi wake ni wavuvi na wachuuzi wa samaki wa makabila mengi, na wengine wametoka ng'ambo ya mpaka, Uganda na Tanzania. Mwenyeji wa Lamu hatakiona kigeni kisiwa kisichosikika honi. Atakachokiona kigeni ni maji yake, maana ni maji baridi yasiyo na chumvi, na upeo wake ni mrefu kama wa bahari.

Nilikwenda huko kwa feri ya kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, na kisha kwa mashua ya injini, ili kutazama uvuvi wa dagaa, ambao Wajaluo huwaita omena. Habari ya uvuvi niliipata. Lakini iliyonikaa moyoni ni habari nyingine, nayo ni ya chombo ambacho kila mwenye gari huku kwetu anacho na wachache ndio wanaokijua: alteneta. Nimeona niiandike kwa ajili ya wasomaji wa Pwani, kwani huku kwetu betri nyingi hutupwa kwa kosa lisilo lao, na huku kwetu ndiko chumvi inakokula nyaya mchana na usiku.

TAA ZA USIKU

Dagaa huvuliwa usiku wa kiza, mwezi usipokuwepo. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, kisha wakazungushiwa wavu. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai, zile zile ambazo wazee wetu walizitundika katika maulidi na harusi kabla umeme haujafika mitaani. Karabai yataka mafuta ya taa kila usiku, yataka kupampiwa, na kioo chake hupasuka kikirukiwa na tone la maji baridi. Basi pole pole taa za umeme wa betri zikaanza kushika nafasi yake. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo mjini Mbita cha kuchaji betri za taa za wavuvi kwa nguvu za jua, na siku hizi vioo vya sola si kitu cha kushangaza katika visiwa hivyo.

Lakini jua nalo lina siku zake. Mawingu ya mvua yakitanda, betri haijai, na mvuvi hawezi kuliambia giza limngoje. Hapo ndipo fundi mmoja wa Remba, kijana aliyejifunza umeme wa magari huko Kisumu, alipopata riziki yake. Amechukua injini ndogo ya petroli, ya aina ile ya kuvutia maji shambani, akaifunga juu ya mbao mbili. Mbele yake amefunga alteneta iliyotolewa katika matatu iliyokwisha umri. Kati ya hizo mbili umepita mkanda, yaani fenibelti. Injini ikinguruma alteneta huzunguka, na betri za wavuvi zikapokea chaji. Gari zima limebaki bara. Kilichovuka maji ni kile kipande chake kinachotengeneza umeme.

Siku niliyokuwa hapo, alikuja mzee mmoja mwenye mashua, amebeba betri begani, na uso wake haukuwa na salamu. Usiku uliotangulia taa yake ilififia ikazimika kabla ya saa nane, wavu ukiwa majini, na dagaa wote wakatawanyika. Vijana wanne aliokuwa nao walirudi mikono mitupu, na hao hulipwa kwa kile kilichovuliwa, si kwa mshahara.

"Fundi," akasema, "mimi nakulipa betri nzima, wewe unanipa nusu. Hii ni kazi gani?"

Maneno hayo ni mazito. Kwa mfanyabiashara wa Pwani ni sawa na kuambiwa kwamba kibaba chako kimetobolewa, au kwamba mizani yako ina jiwe chini. Watu waliokuwa karibu walinyamaza. Fundi hakukasirika. Alisema tu, "Mzee, ngoja tupime mbele ya watu," akachukua mita yake ya umeme.

Kabla sijaeleza alichokiona, yafaa msomaji aelewe kwanza chombo chenyewe.

KUTOKA DAINAMO HADI ALTENETA

Siri ya mambo haya yote ilifunuliwa mjini London mwaka 1831, pale Michael Faraday alipoonyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya huo. Sumaku ikitulia, umeme hukatika. Kwa hiyo mtu akitaka umeme usikatike, hana budi kupata kitu cha kuizungusha sumaku bila kupumzika. Katika bwawa kitu hicho ni maji yanayoporomoka. Katika gari ni injini.

Magari ya zamani yalitumia dainamo. Wazee wanaokumbuka magari ya Kiingereza yaliyoteremshwa bandarini Mombasa katika miaka ya 1950 wanalikumbuka pipa lile jembamba refu lililofungwa ubavuni mwa injini. Dainamo ilikuwa na aibu moja kubwa: injini ikienda pole pole haikutoa kitu. Dereva aliyekwama katika msongamano usiku, taa zikiwaka, alikuwa anakula akiba ya betri.

Alteneta iliondoa aibu hiyo. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliiweka katika gari lake la Valiant kama kifaa cha kawaida, na baada ya hapo watengenezaji wengine wakafuata. Kilichokuwa kimeizuia kabla ya hapo ni kwamba umeme wake ni mkondo geu, yaani huenda mbele na kurudi nyuma, hali betri hukubali mkondo mnyoofu tu. Dawa ilipatikana vilipotokea vipande vidogo vya silikoni viitwavyo dayodi. Dayodi ni kama kilango cha pampu ya maji: maji yakienda mbele hufunguka, yakitaka kurudi hujifunga. Ndani ya alteneta ya kawaida hupangwa dayodi sita, na umeme unaotoka hapo huwa umekwisha nyooshwa.

Jina la zamani, hata hivyo, halikufa. Mafundi wengi wa rika la wazee bado huiita alteneta "dainamo", na kile kidhibiti cha volti hukiita "katauti", jina la kisanduku kilichokuwa kikifungwa pembeni katika magari ya dainamo. Chombo kimebadilika, ila jina limebaki katika kazi ile ile.

KILICHOMO NDANI

Alteneta ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza huzunguka katikati, nayo ni sumaku ya umeme: waya wa shaba umezungushwa juu ya chuma, na ukipitishiwa umeme kidogo, chuma chote hugeuka sumaku. Ya pili imetulia pembeni, nayo ni nyaya nyingi za shaba zilizosukwa kuizunguka ile ya kwanza. Sumaku ikizunguka, umeme huzaliwa katika nyaya zilizotulia.

Je, ule umeme kidogo unaoamsha sumaku huingiaje katika kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika? Huingia kwa vipande viwili vya kaboni ambavyo mafundi huviita makaa. Kila kipande husukumwa na springi ndogo kikagusa pete ya shaba, na pete huzunguka chini yake. Makaa ni laini kwa makusudi, ili yalike yenyewe na pete isalimike. Yakilika mno, springi haifiki tena, mguso unakuwa wa kubahatisha, na sumaku inakuwa dhaifu.

Mwisho ni katauti. Kazi yake ni kuangalia volti na kuamua sumaku ipewe umeme kiasi gani. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti mbili na ushei, hata betri iliyojaa na iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Maji hayapandi kilima bila kusukumwa. Hali kadhalika, ili chaji iingie betrini, alteneta haina budi kutoa zaidi ya hapo. Kwa kawaida ni kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikiwa chini, betri haijai kamwe. Ikipita 15, maji ya betri huchemka, harufu kama ya yai bovu husikika, na sahani za risasi zilizomo ndani huharibika.

KIPIMO CHA HAKI

Sasa turudi kwa fundi wetu. Aliifunga betri ya mzee, akaiwasha injini, akaiacha kwa muda mrefu. Alitueleza kwamba kupima mapema ni kujidanganya, kwa kuwa betri tupu huvuta umeme kwa uchu na volti huwa chini hata kama alteneta ni nzima. Saa tatu zikapita. Mita ikasoma volti 13.1, na haikutaka kupanda.

Hakukimbilia bisibisi. Kwanza aliutazama mkanda, akaubonyeza kwa kidole gumba: ulikuwa umekaza vizuri, haukung'aa wala kupasuka. Kisha akavisugua vichwa vya betri na vibanio vyake, akapima tena: hakuna tofauti. Akapima mwisho mmoja wa waya na mwisho wa pili: hakuna umeme uliopotelea njiani. Ndipo alipozima injini, akafungua alteneta, akatoa makaa. Kipande kimoja kilikuwa bado kirefu. Cha pili kilikuwa kimelika hata hakikufika nusu ya kucha.

Alikiweka katika kiganja, akawaonyesha watu wote.

"Mzee, umesema kweli," akasema. "Mashine yangu ilikuwa inapunja, na mimi sikujua. Leo hulipi, na ile ya jana nakurudishia."

Katika kopo lake la bati alikuwa na makaa mengine, makubwa kidogo. Aliyasugua kwa msasa hata yakaingia sawasawa, akazisafisha pete za shaba kwa kitambaa kikavu, akafunga. Injini ilipowaka tena mita ilipanda taratibu, na baada ya muda ikasimama kwenye 14.2. Yule mzee hakusema mengi. Alikaa juu ya pipa akingoja betri yake, na hapo ndipo wengine wawili walipokwenda nyumbani kuleta za kwao.

Nililolipenda katika kisa hiki ni lile neno "inapunja". Alteneta inayotoa volti 13.1 haionekani kuwa mbovu. Inazunguka, haipigi kelele, na taa inawaka. Lakini kila siku inatoa pungufu, na upungufu huo haumwangukii mwenye mashine peke yake. Betri isiyojazwa vizuri hufanya ukoko mgumu mweupe juu ya sahani zake, na ukoko huo ukizoea, hakuna chaji itakayouondoa. Mvuvi angenunua betri mpya, nayo ingeuawa vile vile kwa miezi michache. Betri ya mvuvi ni siku nyingi za kazi.

Fundi alimwambia mzee jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Betri ya gari imetengenezwa kwa kupiga stati: hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha alteneta huirudishia mara moja. Haikuumbwa kuwasha taa usiku kucha mpaka ikauke. Ikikaushwa mara nyingi hufa mapema, hata kama ni ya bei kubwa. Kwa kazi ya taa zipo betri za sahani nene, zinazoitwa za sola, na hata hizo hupendelea zisishushwe zaidi ya nusu.

HUKU KWETU

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Tanga atauliza: yangu ni nini katika habari za Remba? Yako ni hii. Mara nyingi gari likikataa kuwaka alfajiri, mtu hukimbilia duka la betri. Baada ya wiki tatu betri mpya nayo hufa, akailaumu kampuni. Kumbe alteneta ilikuwa haichaji, au dayodi moja ilikuwa imeungua. Dayodi iliyoungua ni kile kilango kilichobaki wazi: usiku gari limelala, umeme huvuja kinyumenyume kutoka betrini, na asubuhi pakawa patupu.

Shahidi wa kwanza ni ile taa nyekundu yenye picha ya betri mbele ya dereva. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, lazima iwake. Injini ikishawaka, lazima izimike. Ikiwaka njiani, alteneta imeacha kazi, nawe unasafiri kwa akiba: zima redio, zima feni, na utafute fundi kabla ya magharibi. Na kama taa hiyo haiwaki kabisa unapozungusha ufunguo, usifurahi. Shahidi amekufa. Tena katika magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha sumaku hupitia katika balbu hiyo hiyo, hata balbu ikiungua alteneta huweza kushindwa kuanza kuchaji.

Shahidi wa pili ni masikio. Mkanda uliolegea hulia kama ndege gari linapowaka. Beringi iliyochoka husaga kwa sauti nzito inayopanda na mwendo wa injini. Yote mawili hugharimu kidogo yakitengenezwa mapema. Beringi ikivunjika gari likiwa njiani, mkanda huweza kukatika, na katika magari mengi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji; injini itachemka.

Shahidi wa tatu ni mita, ambayo siku hizi haizidi uwezo wa mtu wa kawaida. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha, kisha pima injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Volti zisipopanda, kuna jambo. Niongeze tahadhari kwa wenye magari mapya: katika baadhi yao alteneta hutawaliwa na kompyuta, na volti hushuka na kupanda kwa makusudi ili kuokoa petroli. Kwa gari la namna hiyo kipimo kimoja si hukumu.

Pwani ina adui wake, naye ni hewa ya chumvi. Ukiona unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri, umeme unapotelea hapo. Injini ikiwa imezimwa, fungua kibanio cha hasi kwanza na kukirudisha mwisho, sugua, suuza kwa maji ya moto, kausha, kisha paka mafuta ya mgando. Usisahau ule waya unaotoka betrini kwenda bodini na kwenye injini. Wengi husafisha upande mmoja wakauacha wa pili uoze. Mvua kubwa ikijaza barabara, usilivushe gari katika maji yanayofika kwenye alteneta, na anayekuoshea injini asiipige kwa maji ya nguvu.

Kisha kuna yale yasiyofaa kufanywa kabisa. Lipo jaribio la zamani la kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma ili kuona kama gari litaendelea kuwaka. Kwa dainamo lilivumilika. Kwa alteneta ni hatari, kwa sababu betri ndiyo inayotuliza volti. Ikiondolewa ghafla, volti huruka makumi mengi, zikaunguza dayodi na kompyuta ya gari. Hali kadhalika, ukishtua gari kwa betri ya jirani, hakikisha chanya imekwenda kwa chanya. Kukosea kwa nukta moja kwatosha kuua dayodi zote. Na gari likichomelewa, betri ifunguliwe kwanza.

Mwisho, alteneta haikuumbwa kufufua maiti. Betri iliyokauka kabisa yafaa ijazwe taratibu kwa chaja. Ukiiachia alteneta kazi hiyo, italazimika kutoa umeme wake wote kwa muda mrefu, ipate moto, na nyaya zake ziungue.

UFUNDI USIPOTEE

Siku hizi katika miji yetu ni rahisi kusikia, "Tupa, weka nyingine." Alteneta iliyotumika hutolewa katika rundo lililokuja kwa meli, ikafungwa bila kupimwa, na mwenye gari hulipa mara mbili. Mara nyingi kilichohitajika ni makaa, au beringi, au dayodi, na ufunguo wa mambo ni mtu mwenye subira ya kufungua na kutazama. Wapo bado mafundi wanaojua kusuka upya nyaya za shaba, duara kwa duara, bila kukosea hesabu. Kazi hiyo haijifunzi kwa siku mbili, na kijana hataikalia miaka kama wateja wote wanataka kubadilishiwa tu.

Basi, ndugu msomaji, fundi atakapokuambia kwamba betri yako imekufa, mwombe jambo moja dogo: akupimie alteneta mbele ya macho yako, kama bidhaa inavyopimwa mbele ya mnunuzi. Fundi mwaminifu hatachukia. Na akifungua, akakuonyesha kipande cha kaa kilicholika katika kiganja chake, mlipe vizuri, kwani amekuepusha na gharama ya betri usiyoihitaji.